Jumba la Sadaka Mbele ya Bandari ya Unguja

Msafiri anayeingia Unguja kwa bahari, awe ametoka Dar es Salaam au Pemba, hupokewa na safu ya majumba meupe kabla mguu wake haujakanyaga gati la Malindi. Majumba hayo yamesimama kando ya njia ya Mizingani yakiielekea bahari, kama wazee waliotoka barazani kutazama nani anakuja. Katika safu hiyo limo moja ambalo jicho halilipiti. Si refu kuliko yote wala si kongwe kuliko yote, lakini limevikwa roshani za mbao zilizochongwa kwa nakshi nyembamba hata mtu hudhani ni kazi ya sindano na uzi, na juu ya madirisha yake vimetiwa vioo vya rangi ambavyo jua la jioni huviamsha. Wageni wengi hudhani ni kasri la Sultani. Sivyo. Jumba hili halikujengwa kwa ajili ya mfalme. Lilijengwa kwa ajili ya wagonjwa masikini, na wenyeji wa Unguja wamelijua kwa muda mrefu kwa jina la Dispensari ya Zamani.

Leo tunapenda kuwasimulia wasomaji wetu, wazee kwa vijana, khabari za jumba hili, kwani limepita katika mikono mingi na katika kazi nyingi, na katika kupita huko yamo mambo yanayotuhusu sisi Waislamu wa pwani khasa.

Aliyelianza ni Tharia Topan, mfanyabiashara wa Kihindi wa madhehebu ya Ismailia. Alizaliwa Kutch katika mwaka 1823, akaja Unguja angali kijana mdogo asiye na kitu. Alianzia chini kabisa katika biashara, akapanda daraja kwa daraja, hata katika miaka ya 1870 akawa ndiye mwenye kushika forodha ya Unguja. Inafaa vijana waelewe maana ya jambo hili. Siku zile Sultani hakukusanya ushuru kwa watumishi wake mwenyewe, bali aliikodisha forodha kwa tajiri mmoja. Tajiri huyo humlipa Sultani kiasi walichopatana kwa mwaka, kisha yeye hukusanya ushuru wa bidhaa zinazoshuka bandarini, na kinachozidi ni chake. Mwenye kuishika forodha ya Unguja alikuwa ameishika mishipa ya biashara ya pwani nzima. Tharia akawa pia mshauri wa Sultani Seyyid Barghash bin Said, na mkopeshaji wa misafara iliyokwenda bara. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, tunayemjua zaidi kwa jina la Tippu Tip, alichukua mali kwake, na katika kisa cha maisha yake alichokieleza kwa Kiswahili amemtaja.

Hapa haifai tupite kwa haraka, tukajifanya hatuoni. Misafara ile ilifuata pembe za ndovu, na pamoja na pembe mara nyingi walikuja watu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria ya Unguja illa mwaka 1897. Kwa hiyo jumba hili tunalolisifu kwa nakshi zake lilianzwa na likamalizwa wakati ambapo katika mji huo huo walikuwamo watu waliomilikiwa na watu. Mali ya matajiri wa zama zile haikuteremka kutoka mbinguni. Mwenye kutaka kuwasomesha watoto wake tarehe ya Unguja na awasomeshe yote, sadaka na jasho lililotangulia sadaka, kwani mtoto aliyefichwa nusu ya khabari atakuja kuambiwa nusu hiyo na mtu asiyempenda.

Jiwe la kwanza liliwekwa mwaka 1887. Mwaka huo Malkia Victoria wa Uingereza alitimiza miaka 50 katika enzi yake, na Tharia alikusudia hospitali yake iitwe kwa jina lake mwenyewe na kwa jubilii ya Malkia huyo. Ni ajabu ya zama zile kwamba tajiri Mwislamu, katika mji wa Sultani Mwislamu, alipotaka kuwajengea hospitali masikini ambao wengi wao ni Waislamu, aliona vyema kulitundika jengo lake kwenye taji la London. Unguja ilikuwa bado haijatiwa chini ya himaya ya Waingereza, jambo lililokuja mwaka 1890, lakini mwenye macho ya biashara huuona upepo kabla tanga halijajaa. Mwaka huo huo wa 1890 Tharia akapewa na Waingereza heshima ya kuitwa Sir.

Hakuliona jumba lake likikamilika. Alifariki India mwaka 1891, kuta zikiwa bado mikononi mwa mafundi, na mjane wake ndiye aliyeiendeleza kazi. Katika vitabu vingi mama huyu hutajwa kwa sentensi moja, kisha huachwa. Nasi tungependa akina mama wanaosoma ukurasa huu wasimame hapo kidogo. Mume amekufa, mali inasubiri kugawanywa, jengo kubwa la gharama limebaki nusu, na mwenye kulikusudia hayupo tena wa kuulizwa. Wepesi ulikuwa kuliacha. Likamalizwa mwaka 1894. Tangu jiwe la kwanza hata mwaka ule, Unguja ilikuwa imeshuhudia masultani wanne: Seyyid Barghash aliyefariki mwaka 1888, Seyyid Khalifa bin Said aliyefariki mwaka 1890, Seyyid Ali bin Said aliyefariki mwaka 1893, na Seyyid Hamed bin Thuwaini aliyekuwa akitawala jumba lilipokamilika. Miaka miwili baadaye, tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Kiingereza ziliipiga kasri kwa mizinga, hatua chache tu kutoka hapo, katika vita ambavyo havikutimiza saa moja. Kasri iliumia vibaya. Jumba la wagonjwa lilibaki limesimama.

Lakini hospitali aliyoikusudia Tharia haikupata kuanza kazi kama alivyotaka. Mwaka 1900 jumba likanunuliwa kwa mali ya sadaka iliyoachwa na Haji Nasser Nurmohamed, naye ni Khoja wa madhehebu ya Ithnaashari. Ndipo nia ya kwanza ilipopata njia. Chini ikafunguliwa dispensari, watu wakapata dawa, na ghorofa za juu zikafanywa makazi.

Msomaji mwenye kujua khabari za Makhoja ataona jambo la kuzingatia hapa. Katika miaka ile ile ya mwisho wa karne ya 19, Makhoja wa Unguja walikuwa wamegawanyika, wengine wamebaki Ismailia na wengine wametoka kuwa Ithnaashari, na mgawanyiko huo haukuwa wa maneno matupu. Ulipita katikati ya nyumba, ukawatenga ndugu na ndugu. Pamoja na hayo, jengo lililoanzwa na mtu wa upande huu lilikuja kutimizwa kazi yake kwa sadaka ya mtu wa upande ule, nao waliokuwa wakingojea dawa kizingitini wengi wao walikuwa Masunni wa madhehebu ya Shafii, katika nchi ya masultani wa Kiibadhi. Homa haikumwuliza mtu madhehebu yake. Waislamu tunazo khitilafu zetu na hatuna haja ya kujifanya hatunazo, lakini palikuwapo mlango mmoja katika njia ya Mizingani ambapo khitilafu hizo ziliachwa nje pamoja na viatu.

Sote tumesoma chuoni kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika, ila mambo machache, na miongoni mwayo ni sadaka yenye kuendelea. Wazee wetu waliielewa sadaka hii kwa vitu vinavyoonekana, kama kisima, mnazi uliowekwa wakfu kwa taa ya msikiti, mabanda ya kupangisha ambayo kodi yake hulisha mayatima. Dispensari ni katika jinsi hiyo. Shida ya sadaka ya jinsi hii ni kwamba huishi kwa kutunzwa. Kisima kisichozibuliwa hugeuka shimo. Na jumba la mawe la Unguja lisilotunzwa lina njia yake ya kufa, ambayo kila kijana wa mjini anapaswa kuijua kama anavyojua njia ya kwenda shuleni.

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa udongo na chokaa, na ukuta mara nyingi huwa na unene wa nusu mita au zaidi. Sakafu za juu hubebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, na ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale huwa virefu na vyembamba. Fundi hakupenda wembamba, ni mti uliomwambia basi. Ukuta wa namna hii hunywa maji na huyatoa. Mvua ya masika ikiupiga, chokaa huuacha unyevu utoke taratibu jua likija. Sasa chukua paa linalovuja na mwenye nyumba asiyeshughulika. Maji huteremka hadi kwenye vichwa vya boriti vilivyozama ukutani, mti huoza mahali usipoonekana, sakafu huachia, na ukuta uliokuwa umeshikwa na sakafu hubaki peke yake ukaanza kutoa tumbo. Kisha huja mtu mwenye nia njema na mfuko wa saruji. Anapiga lipu ngumu juu ya ufa, nyumba inaonekana mpya, jirani wanasifu. Saruji haipitishi unyevu kama chokaa. Maji na chumvi ya bahari hufungiwa ndani, na nyuma ya lipu ile nzuri ukuta husagika ukawa vumbi, hata siku moja lipu na ukuta huanguka pamoja. Tumeziona nyumba nyingi zikifa kwa dawa hii kuliko kwa ugonjwa wenyewe.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, wenye nyumba wengi wa Mji Mkongwe waliondoka, na majumba mengi yakawa mali ya Serikali. Familia zilizokuwa hazina pa kukaa ziliingizwa humo, na kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza kulala chini ya dari ya boriti. Hatuwezi kuwalaumu waliopata makazi. Ila nyumba iliyojengwa kwa ajili ya ukoo mmoja ilipokaliwa na koo sita, hakuna aliyejua paa ni la nani. Dispensari nayo ikafungwa na kuachwa, na katika miaka ya 1970 na 1980 jumba likaharibika mvua kwa mvua.

Serikali ya Zanzibar iliunda Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe mwaka 1985. Kisha mwaka 1990 jumba la Dispensari likakodishwa kwa taasisi ya utamaduni ya Aga Khan, imamu wa Maismailia, na hivyo likarudi, baada ya takriban miaka 100, kushughulikiwa na watu wa madhehebu ya mtu aliyeweka jiwe la kwanza. Kazi ya kulitengeneza iliendelea hata mwaka 1996, na lilipofunguliwa likapewa kazi mpya, ya kuwa nyumba ya utamaduni ya Mji Mkongwe.

Katika kazi ile, lililo kubwa kwa maoni yetu halikuwa jumba lenyewe, bali mikono. Fundi anayejua kupika chokaa, anayejua kufuma nakshi za plasta kwa mkono, anayeweza kuchonga kipande cha roshani kilichooza na kukiunga na kile cha zamani bila ya jicho kuona maungio, alikuwa amekuwa adimu. Nani angejifunza kazi ambayo kwa miaka 25 hakuna aliyeiagiza? Mafundi wa Unguja wakafundishwa humo kazi za wazee wao. Chokaa ya kweli haina haraka. Mawe ya matumbawe hupangwa juu ya rundo kubwa la kuni, hupikwa, kisha huzimwa kwa maji na kuachwa yakae miezi, na kadiri yanavyokaa ndivyo yanavyolainika na kushika. Kijana aliyezoea saruji inayokauka kabla ya adhuhuri huiona kazi hii ni mateso. Aliyestahimili alitoka na ujuzi unaolisha nyumba yake.

Ipo khabari nyingine ambayo huipa hii maana. Taasisi ile ile ililitengeneza jengo la zamani la simu na waya lililo upande wa Shangani, likawa hoteli ya kitalii mwaka 1997. Hoteli nzuri, na wapo vijana wetu waliopata kazi humo. Lakini majumba mawili hayo, yaliyookolewa katika miaka ile ile na watu wale wale, yanaweka mbele yetu swali ambalo Mji Mkongwe wote unaulizwa, na umeulizwa kwa nguvu zaidi tangu Desemba 2000 ulipoandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia. Jumba likiokolewa, nani atalala humo? Hoteli ina mlinzi mlangoni, na mtoto wa Malindi au wa Ng'ambo anajua bila ya kuambiwa kwamba ngazi zile si zake. Nyumba ya utamaduni yafaa iwe kinyume cha hayo. Kama mtoto huyo anapita mbele ya Dispensari kila siku akienda chuoni na hajapata kuingia, basi kuta zimepona na sadaka imelala.

Ndani ya jumba, baada ya kufunguliwa upya, walipewa nafasi wenye maduka na ofisi, na zikawekwa kumbi za maonyesho. Sisi tungependa kuona zaidi. Sanaa za nyumba ya Kiislamu ya pwani si chache wala si duni. Upo ususi wa ukili, ambao mama mmoja huweza kusuka mkeka wenye jina la bwana harusi ndani yake. Upo ushonaji wa kofia za viua, kazi ya subira ambayo kila tundu hutobolewa na kuzungushiwa uzi kwa mkono. Upo uandishi wa khati. Upo uchongaji wa milango, ya Kiarabu yenye kizingiti cha juu kilichonyooka, na ya Kihindi yenye upinde. Zipo kasida, na yapo Maulidi ya Homu ambayo vijana hupanga safu wakainama na kuinuka kama wimbi. Kazi hizi hufundishwa nyumbani kwa mama na kwa babu, na nyumbani siku hizi mama yuko kazini na babu yuko peke yake mbele ya televisheni. Basi mahali pa kufundishia panahitajika, napo pawe pazuri, ili mtoto aone kwamba kazi ya bibi yake imepewa heshima ya vioo vya rangi.

Ama kuhusu muziki, tunajua kwamba wanavyuoni wamekhitalifiana juu ya ala, na ukurasa huu si mahali pa kukata hukumu. Tunasema tu kwamba si mbali na Dispensari, katika njia hiyo hiyo ya Mizingani, lipo jumba la Forodha ya Zamani, na humo katika miaka ya mwanzo ya 2000 kilianzishwa chuo cha muziki wa nchi za majahazi, vijana wakafundishwa udi, kanuni na ngoma za kienyeji na walimu waliokuwa wakiijua taarabu kwa moyo. Mwenye kukhitalifiana na mafunzo hayo hatakosa kuona jambo moja: ngazi zile zilijaa watoto wa mjini.

Wala khatari haijaondoka. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba la Seyyid Barghash la mwaka 1883, iliporomoka wakati kazi ya kulitengeneza ikiendelea, na watu wawili wakafariki. Mwenyezi Mungu awarehemu. Jumba lile lilikuwa fakhari ya mji, picha yake imechapwa kila mahali, na bado halikusalimika. Kati yake na Dispensari ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Aliyetaka kujua tafauti ya jumba lililowahiwa na jumba lililochelewewa alikuwa na mifano miwili katika njia moja.

Familia itakayojaliwa kuzuru Unguja na ianzie Forodhani asubuhi, kabla jua halijakali, ifuate ukingo wa bahari kuelekea Malindi. Wataipita kasri, kisha watalifikia jumba wakiwa na bandari mkono wa kushoto. Wasiridhike kulitazama kwa nje na kupiga picha. Wakiukuta mlango wazi, waombe ruhusa waingie uani wainue vichwa, kwani uzuri wa roshani za ndani haupungui ule wa nje, na upepo unaoingia humo adhuhuri utawafahamisha kwa nini wazee walijenga ua katikati ya nyumba bila ya kuhitaji mashine ya baridi. Watoto waonyeshwe nakshi za plasta, waulizwe zipi za kale na zipi za mafundi wa miaka ya 1990. Watabishana, na ni vyema wabishane. Wakitoka, dakika chache ndani ya vichochoro vya Malindi upo msikiti wa kale wenye mnara wa umbo la pia, namna ambayo ni nadra katika pwani yetu yote, na hapo wataipata sala ya adhuhuri kwa jamaa.